Safari ya kumzika Babu, ukingoni mwa Tanganyika

Mtu anayetaka kufika kwetu hana budi kushuka kwanza bandarini Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, na kutafuta boti. Barabara iko, lakini inazunguka nyuma ya milima, na wakati wa mvua inakatika. Watu wa ziwani hawaihesabu. Njia yetu ni maji. Maboti ya mbao yenye injini moja nyuma hupakia chumvi, sabuni, mabati, mifuko ya saruji, mbuzi, na watu juu ya hivyo vyote. Kisha huondoka saa kumi za jioni na kuufuata ukingo wa ziwa kuelekea kusini, Mpala, kisha Moba, na vijiji vya katikati ambavyo havikuandikwa katika ramani. Kijiji chetu ni kimoja cha hivyo.

Safari hiyo nimeifanya mara nyingi tangu utoto wangu, na karibu kila mara Babu alikuwa kando yangu, au alikuwa akiningoja mwisho wake. Mwezi wa Juni 2025 niliifanya ili nikamzike. Alifariki usiku, nyumbani mwake, baada ya kula vizuri na kuomba tumbaku. Asubuhi mjomba alinipigia simu, na jioni nilikuwa nimekaa botini juu ya gunia la chumvi, na sanda mpya mapajani.

Babu huyu ndiye baba wa mama yangu. Kwetu Katanga wengi husema nkambo. Ninyi mnaojua desturi zetu mnajua kwamba baina ya mjukuu na nkambo hakuna woga ulio baina ya mtoto na baba yake. Yeye aliniita mshindani wake, kwa kuwa Bibi alikuwa “mke wangu”, na kila nilipofika likizo alinidai mahari. Nami nilimjibu kwamba mzee asiye na meno hana haki ya kushindana. Maneno kama hayo, kama ningaliyasema mbele ya baba yangu, ningalilala nje.

Boti likaondoka. Nyuma yetu, upande wa mji, kulikuwa na mdomo wa mto Lukuga. Babu hakupita Kalemie hata mara moja pasipo kunionyesha mdomo ule. Mito inayoingia katika Tanganyika ni mingi: Ruzizi inatoka Kivu, Malagarasi inatoka Tanzania, na vijito vya milima yetu havina hesabu. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, ndio Lukuga, unaokwenda kujiunga na Lualaba, na kwa njia hiyo maji yetu yanafika Boma na bahari ya Atlantika. “Nyumba ya vyumba vingi,” alisema, “na mlango mmoja.” Nilipokuwa mtoto niliona maneno hayo kuwa mchezo. Mbele mtaona kwa nini nayakumbuka.

Ziwa lenyewe ni refu kupita desturi, kilometa 670 hivi kutoka kaskazini hata kusini, na nchi nne zinanywa maji yake: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal kule Urusi. Siku moja, nilipotoka seminari nikiwa na majivuno ya vitabu, nilimwambia Babu kwamba kina cha Tanganyika ni mita 1,470. Hakubisha. Alinyosha mikono kama mvuvi anayepima kamba, akaanza kuhesabu pima, akaona kwamba zingepita 800. Kisha akasema kwamba kamba ya namna hiyo haiuzwi Kalemie.

Usiku ulipoingia, mwezi ukatoka juu ya milima ya Tanzania, karibu mwezi mzima. Ziwa lote likawa jeupe, wala hapakuwa na taa hata moja juu yake. Mgeni angedhani watu wote wamekufa. Sivyo. Ndagala hawavuliwi wakati wa mbalamwezi. Samaki hao wadogo hufuata mwanga, na ndiyo sababu wavuvi huwaita kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetawanyika kila mahali, nao hawakusanyiki. Babu alianza kazi hiyo na baba yake, wakichoma majani makavu na kuni mbele ya mtumbwi, na kuchota samaki kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja taa za mafuta za kupigwa pampu, na katika siku zake za mwisho taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Yeye hakulilia taa za zamani, kama wazee wengine wanavyofanya. Alisema kuni zilimchoma macho miaka mingi, na kama mtu amepata taa isiyotoa moshi amshukuru Mungu. Kitu alichokilalamikia ni nyavu zenye matundu madogo mno, zinazochukua hata vitoto vya samaki; hapo aliweza kusema toka jioni mpaka asubuhi.

Basi, kwa kuwa alikufa siku za mbalamwezi, wavuvi wote walikuwa nyumbani, na mikono ya kuchimba kaburi haikukosekana. Abiria mmoja mzee, aliyemfahamu, aliniambia botini: “Mwalimu, nkambo wako amechagua siku yake kama mvuvi.” Nililia mara ya kwanza hapo, gizani chini ya turubai, wala hakuna aliyeniuliza neno.

Karibu na usiku wa manane tulifika Mpala. Boti lilikaa saa mbili likishusha saruji, nami nikashuka kunyosha miguu. Mpala ni mahali padogo penye mambo makubwa. Hapo, mwezi wa Mei 1883, Mbeligi Émile Storms alijenga boma lake, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Na mwaka 1885 boma lile lilipewa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 akaja Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, akawalinda watu wa pwani hii juu ya wakamataji wa watumwa. Alioa mke wa hapa hapa, na alikufa katika nchi yetu mwaka 1927 pasipo kurudi kwao. Padri Stefano Kaoze, aliyepata upadri tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, akawa padri wa kwanza wa Kongo ya wakati wetu, ni mwana wa milima hii ya Marungu. Mambo hayo kila mwanafunzi wa misioni anayajua, wala sina haja ya kuyarefusha.

Lakini Babu alipopita Mpala alisimulia jambo jingine, ambalo katika vitabu vyangu vya shule halikuwamo. Alisimulia habari za mtemi Lusinga. Huyu alikuwa mtu mwenye nguvu juu ya uwanda wa Marungu, mfanya biashara ya pembe na watumwa, na wengi walimwogopa. Babu hakumfanya mtakatifu. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia katika kijiji chake, wakamwua, wakamkata kichwa. Kichwa kile Storms alikichukua hata Ulaya. Mimi nilidhani ni hadithi ya wazee ya kutisha watoto, mpaka mwaka 2018, gazeti moja la Ubelgiji lilipoandika wazi kwamba fuvu la Lusinga lingaliko Bruxelles, limewekwa katika nyumba ya elimu ya viumbe pamoja na mafuvu mengine. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja mmoja wa mji ule. Nilimwambia Babu habari hiyo kwa simu. Aliniuliza: “Na kichwa?” Nikamjibu kwamba ni sanamu iliyoondolewa, si kichwa kilichorudi. Akanyamaza kidogo, akasema: “Basi wajukuu zake hawana mahali pa kukaa.”

Maana yake ni hii. Kwetu mtu aliyefiwa huenda kukaa kaburini. Hupalilia, huzungumza kidogo, husali, hupumzika chini ya mti. Asiye na kaburi la mkubwa wake ni kama mtu asiye na kiti. Babu alilishika neno hilo kuliko wazee wengi niliowafahamu, na ndiyo sababu yaliyotokea kesho yake yalikuwa na uzito.

Tulifika kulipokuwa kunapambazuka. Sikuutambua ufuko. Watu waliosoma habari za miaka ya 2020 na 2021, na tena za 2024, wanajua jinsi Tanganyika ilivyopanda: Kalemie, Uvira, hata Bujumbura ng’ambo ile, nyumba ziliingiwa na maji na njia zikafunikwa. Kwetu hakuna aliyekuja kutupiga picha, lakini safu nzima ya nyumba za vijana, waliojenga mchangani ili wawe karibu na mitumbwi, ilikuwa imekwenda. Zilibaki kuta mbili tatu ndani ya maji, na watoto walikuwa wakizipanda wakaruka kuogelea. Mtini uliokuwa kivuli cha wasuka nyavu ulikuwa umesimama majini, umekufa.

Nyumba ya Babu ilikuwa kavu. Ilikuwa juu, mwendo wa kutosha kumchosha mtu anayebeba ndoo, na kwa miaka mingi vijana walimcheka: mvuvi gani anayejificha ziwa? Babu hakuwajibu. Chini ya nyumba yake kulikuwa na mstari wa minyaa mirefu, minene, ukikata mteremko kutoka bonde hata bonde, pasipo kuzunguka shamba lolote. Mgeni angeuliza ua huu unalinda nini. Mimi naujua, kwa kuwa alinipeleka huko kila likizo kama watu wengine wanavyopeleka watoto katekisimu.

Mwaka 1964 ziwa lilipanda namna ile ile. Mvua za tangu 1961 zilikuwa zimelijaza. Babu alikuwa kijana, na mwaka ule ule kulikuwa na maasi. Mwezi wa Juni waasi waliukamata Albertville, na mwisho wa Agosti jeshi likautwaa tena. Watu wa kijiji walikuwa wamekimbilia milimani. Waliporudi wakakuta maji yamechukua kijiji. Wengine walingoja yashuke wakajenga pale pale. Babu alikata vijiti vya mnyaa, akavipanda mmoja mmoja mahali povu la ziwa lilipokuwa limekomea, kisha akajenga juu yake. Mnyaa haufi upesi, mbuzi hawauli, wala hakuna anayeutaka kwa kuni. Alikuwa ameandika mwaka 1964 juu ya ardhi kwa maandishi yasiyofutika.

Alipofariki Bibi, mwaka 2009, alimzika juu ya minyaa, hatua 32. Alizihesabu yeye mwenyewe. Kando ya kaburi lile, upande wa ziwa, aliacha nafasi moja wazi, akakataza mtu asilime hapo. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Lakini sisi Watabwa mtu ni wa ukoo wa mama yake. Watoto wa Babu, na sisi wajukuu, tu watu wa ukoo wa Bibi. Wenye maiti ni wapwa zake, wana wa dada zake. Walikuwa wameshuka usiku kutoka uwandani, watu tisa, na mkubwa wao mzee mwenye fimbo, mpole wa sauti. Walikuwa wameyaona mambo ya ufuko, nao walikuwa wamekwisha kupatana njiani: mjomba wao azikwe kwao, juu milimani, penye udongo mgumu. “Hatukatai mapenzi yake,” alisema mzee yule, “lakini ninyi mmeacha maji yameze nyumba zenu. Tukimwacha hapa, siku moja tutasikia kwamba mifupa ya mjomba inaelea pamoja na mitumbwi. Hapo sisi tutajibu nini?”

Mjomba wangu akajibu juu ya minyaa. Alisema kwamba maji ya 2024 yalisimama hatua tano chini yake, hayakuigusa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema: “Minyaa inajua ya mwaka 1964. Je, inajua ya kesho?”

Hakuna aliyepata jibu. Wanawake walikuwa wakiimba rozari ndani, na jua lilikuwa linapanda. Maiti haiwezi kungoja siku nyingi. Ndipo mzee akageuka kunitazama mimi. “Mwalimu, wewe umesoma. Vitabu vinasema nini juu ya ziwa hili?”

Wasomaji, nilijua yaliyomo katika vitabu, na nilijua Babu alitaka nini. Neno moja lingetosha kumaliza shauri kwa upande wetu. Lakini mtu aliyenifundisha kutazama ziwa asingependa azikwe kwa uongo wa mjukuu wake. Nikawaambia yote. Zamani, kabla ya Wabeligi, mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Mwingereza Cameron alipofika hapo mwaka 1874 aliukuta umejaa majani. Ziwa likaendelea kupanda mwaka kwa mwaka, hata likawa juu kuliko siku zetu kwa mita nyingi, wataalamu wanakadiria karibu 10. Kisha, kama mwaka 1878, likaupasua mlango, likamwagika kwa nguvu kuelekea Lualaba, likashuka. Mita 10 zingepita minyaa, zingepita kaburi la Bibi, labda zingefika mlangoni pa nyumba hii. Tangu wakati ule mlango u wazi, na ukiwa wazi ni vigumu maji kufika tena pale. Lakini kuapa siwezi.

Kimya. Mjomba wangu alinitazama kama mtu aliyeuzwa na ndugu yake. Nami nikaongeza neno ambalo ni mjukuu peke yake anayeruhusiwa kulisema penye kilio: “Tena mnajua, mkimpeleka milimani, mimi nitabaki na mke wangu peke yangu, wala hatanidai mahari tena.” Wanawake wakacheka mlangoni huku wanalia. Hata mzee yule alicheka, akafuta macho kwa kiganja.

Akaomba aonyeshwe mahali. Tukashuka naye. Alisimama penye minyaa muda mrefu, akakata jani akatazama maziwa yake yakidondoka, kisha akapanda polepole akihesabu hatua kwa fimbo. Alipata 35, kwa kuwa hatua zake ni fupi. Alitazama kaburi la Bibi, na ile nafasi iliyo wazi upande wa ziwa. Akasema: “Hapa, hapana.” Akazunguka upande wa pili, ule wa mlima, akachoma fimbo ardhini. “Hapa, ndiyo. Mke amtangulie yeye kuona maji. Na maji yakivuka minyaa, hata kama ni usiku, mtatupigia simu. Tutakuja kuwachukua wote wawili, na mtatusaidia kuwabeba.” Mjomba wangu akakubali kwa kumpa mkono. Kaburi likachimbwa kabla ya saa tisa. Padri alikuwa mbali, katika ziara ya vijiji vya milimani. Katekista akaongoza sala, akasoma vizuri, pasipo haraka. Misa ya marehemu iliimbwa Jumapili ya pili.

Siku ya tatu wapwa waligawa vitu, ndiyo haki yao. Mtumbwi ulikwenda kwa kijana wao mmoja anayejua kazi. Lusenga ya zamani, ambayo kwa miaka mingi haikuguswa na maji, walinipa mimi, “kwa ajili ya madai ya mahari”. Mpini wake ni mrefu kuliko chumba changu Kalemie. Nimeutundika nje, chini ya bati.

Nao kabla ya kuondoka waliomba jambo moja. Mzee aliwatuma wavulana wakate vijiti vya mnyaa, akashuka nao hata mahali maji ya 2024 yalipokomea, hatua tano chini ya mstari wa Babu. Mjomba akawaonyesha alama iliyobaki katika shina la mwembe. Wakaanza kupanda. Nilipopanda boti la kurudi walikuwa wamefika katikati ya mteremko, vijiti vidogo vya kijani, kila kimoja na mtoto aliyekikanyagia udongo, na mzee nyuma yao akiwakemea wasivipande karibu karibu.